Bakambale Bane mu Kachot ya Beni

Mama wangu mupenzi,

Jambo sana. Mugongo inaendelea aje? Baba anatosha viazi mu shamba peke yake? Miye niko muzima, hata kama niko mu kachot, gereza ya batoto, hapa Beni. Usilie kwanza.

Balinifunga juu ya jina. Nilikuwa napita na kinga, baiskeli ya baba, ku bariere ya barabara, soda mwenye bunduki akauliza: "Jina?" Kambale. "Ya wapi?" Ya Musienene. Akaruka: "Njo yeye! Njo ule alitoroka kambi ya basoda!" Mama we! Batu ya bure hawa. Banatawala inchi na bunduki, lakini hawajue kama kwetu mwanaume wa pili kuzaliwa ni Kambale, nyumba kwa nyumba.

Muzee mwenye kutuchunga, banamuita directeur, ni mujinga kubapita. Eti anatufundisha akili! Siku moja akaita "Kambale!", tukasimama batu batatu. Akatupiga fimbo: "Munajifanya bande ya bezi, munajipa jina moja!" Nikamuambia, papa, uulize hata mama mwenye kuuzisha ndizi pa mulango. Akajibu: "Weye utafundisha miye?" Wapi! Ule hakuna mwenye kumufundisha.

Basi akapanga: gari ya basoda ikikuja, ataita Kambale, mwenye kujibu njo mutoro, arudie ku vita. Sisi batatu tukapatana kunyamaza. Tulimucheka mpaka tumbo inauma.

Jana asubui bakaingiza mutoto wa kutoka Mbau, labda miaka kumi na mbili. Alipita bariere bila karatasi. Hatukumuambia kitu, tulikuwa tungali tunacheka. Gari ikafika. Directeur akaita: "Kambale!" Tukanyamaza. Ule mutoto akainuka mbio, na adabu yote: "Niko hapa, papa." Bakamupandisha.

Mama, nilikuwa na mudomo na sikusema. Directeur alifunga dossier ya mutoro na furaha. Eti mutoro alipatikana, miye nitatoka siku ya tatu. Nilikuwa namuzarau huyu muzee sana. Leo najizarau kumupita, juu ya kuwa yeye hakujua.

Salimia baba, na yaya Masika mwenye kunilea, na muchungaji wetu. Asitoe aksanti mu kanisa juu ya kutoka kwangu. Kwanza atume mutu Mbau, aulize kando ya barabara ni mama gani anangojea Kambale wake.

Miye mutoto wako,
Kambale