Baba, Mguu Wangu Hauumi

Baba,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo usije ukafikiri nimekuandikia ili nilie. Kulia nililia tulipokuzika hapa Wamagana, mpaka Mama akaniambia nikiendelea hivyo nitawatisha ng'ombe wakatae kutoa maziwa.

Mama yuko sawa. Majani chai anachuma mwenyewe, vibarua hawataki, na jioni anakutukana kidogo kwa kumwachia shamba lenye mteremko vile. Mimi bado nakwenda mjini Chaka baada ya kazi, kwa ile meza ya pool nyuma ya bucha, ile uliyonifundishia nikiwa mfupi mpaka nipande juu ya kreti ya soda. Nina jina la mama yako, kwa hivyo uliniita Maitu, yaani mama, na watu waliokuja kula nyama walicheka kusikia mtu mzima akimwambia mtoto, "Maitu, inama. Maitu, usiharakishe."

Tangu uende, nilianza kukosa. Mipira ya mbali yote ilikuwa inapita kushoto kidogo ya shimo. Githinji, rafiki yako wa miaka yote, ambaye sasa ndiye anatupanga tukicheza na miji mingine, aliniambia ni huzuni, itapita. Huzuni gani hiyo inayoenda kushoto kila siku? Nikategemeza simu kwa chupa ya tomato sosi, nikajirekodi nikicheza, nikaenda kujitazama nyumbani.

Ai, Baba. Nilikuona wewe.

Ulikuwa ndani ya simu umevaa sweta yangu. Goti la kulia limekunjwa, nyonga imelegea upande mmoja, na bega linaanguka fimbo inapogonga mpira. Nilirudia ile video tena na tena, na si kwa kujifunza, nilitaka tu kukuona. Mama akaja nyuma yangu, akatazama, akasema, "Huo ni mguu wa lori."

Ndipo akanieleza. Kabla hujaanguka kutoka kwa lori ya majani chai, mimi sijazaliwa, ulikuwa unasimama mezani wima kama nguzo ya stima. Ulikunja goti kwa sababu kulinyoosha kulikuuma, na mkono wako ukajifunza kurekebisha kile mguu umeharibu. Mimi nilichukua goti tu. Hayo marekebisho sikuyachukua, kwa sababu wewe ulikuwa nyuma yangu kila siku ukisema, "Maitu, lenga kulia kidogo." Haki nilidhani ni meza imeinama!

Kwa hivyo ulijua. Ulijua mtoto wako ana miguu miwili mizima na anachechemea mezani, na badala ya kuniambia ninyooke, ukaniambia nilenge kulia. Nafikiri ulifurahia watu wakisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata mimi nilifurahia. Lakini Baba, ungeniambia!

Na si mimi peke yangu. Vijana wote wa Chaka wanasimama goti limekunjwa, ati hiyo ndiyo staili ya Chaka. Mji mzima unachechemea kwa sababu ya lori moja. Watu wa Karatina wakija kucheza wanatuangalia hivi, wanaangaliana, na sisi tunadhani ni woga.

Nikaanza kujinyoosha. Kila jioni nilirekodi, nikatazama, nikarudi mezani kurekebisha. Mwanzoni nilipigwa na kila mtu, hata yule wa kukata nyama ambaye anashika fimbo kama mwiko. Kisha mipira ikaanza kuingia. Githinji akaniambia mbele ya watu, "Unamzika mara ya pili." Nilitaka kumtupia chaki usoni. Mimi ndiye nilikufungia viatu wewe ukiwa huwezi kuinama. Sihitaji mtu wa kunifundisha kukukumbuka.

Tulipocheza na Karatina, mchezo wa mwisho ulikuwa wangu. Ulibaki mpira mweusi, mbali, shimo liko wazi. Nikasimama wima. Nikapiga, ukapita kushoto, tukashindwa. Githinji akasema, "Si nilikwambia?"

Nilikuwa nimeacha simu ikirekodi. Nyumbani niliitazama polepole. Niko wima, niko wima, fimbo inaanza kwenda mbele, halafu goti linakunjika lenyewe. Niliogopa, Baba. Nilipoogopa nilikukimbilia wewe. Nikampelekea Githinji aone kwamba kilichotushinda ni goti la zamani, akakataa hata kushika simu. Ati mchezo hautazamwi kwa simu.

Jumamosi tunarudiana nao, kwao Karatina. Githinji ametuma neno kwamba nisimame kama baba yangu ama nibaki nyumbani. Ninakwenda. Kama hatanipanga, ataniambia pale pale mbele ya Karatina nzima, na nitamwuliza ni mguu gani unamuuma yeye.

Usifikiri nakutupa. Niko na mambo yako mengi. Niko na ile subira yako ya kuzunguka meza kabla ya kupiga, niko na mikono yako mikavu, na huu ubishi unaousoma hapa unafikiri niliutoa wapi? Hayo yote nayashikilia. Lakini maumivu yako siyabebi tena, kwa sababu hayakuwa mchezo. Yalikuwa maumivu tu, na hukuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma kuliko mpira mweusi.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi Jumamosi nitasimama kwa miguu yangu mwenyewe, na goti likinisaliti tena, nitalitazama kwa simu mpaka lishike adabu. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa wima.

Na wewe huko uliko, hakuna mtu anakuangalia tena. Nyoosha mguu.

Wangui