Mama Katoka Upasuaji

Mwenzangu, hata machozi hayatoki.

Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa sosholojia kwamba familia ni mfumo, na mfumo si watu, ni mawasiliano. Asiyewasiliana nao yuko nje. Tunamwita mazingira.

Kompyuta yangu ilikuwa kwenye projekta. Ujumbe wa dada, kanitumia mimi binafsi, ukatokea ukutani, mkubwa kama bango: "Mama katoka upasuaji salama. Tuko naye wote."

Wote. Upasuaji gani?

Si unajua grupu la familia nililinyamazisha tulipogombana. Kumbe walipanga yote humo.

Yule binti wa mbele, mdomo hauna breki, akauliza taratibu: "Mwalimu, kwa hiyo wewe ni mazingira?"

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia ameelewa somo.