Picha Yako Haijabandikwa

Bukura, Kakamega.
14 Juni 2025.

Mpendwa binti yangu Nafula,

U hali gani? Unakula? Unalala? Huko Doha ni nini kimekufunga mdomo? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu na moyo wangu.

Barua hii nampa Jescah wa Osundwa, anarudi huko Jumanne. Miezi miwili sasa nikikupigia simu, yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu hupatikani. Nimemchoka.

Mtoto wako Khalayi yuko gredi ya kwanza. Mwalimu Chepkorir aliwapa kazi ya nyumbani ya mambo ya jamii: wapange picha za familia kuanzia mkubwa hadi mdogo, kisha wazitenge mafungu mawili wanavyojua wenyewe, wazibandike. Kupanga nilimfundisha mimi kwa maharagwe na njugu, na niliishia darasa la tatu. Marehemu baba yako, mimi, wewe, yeye. Hakukosea! Nilijipiga kifua.

Ikaja kutenga. Mimi na yeye akatuweka huku. Wewe akakupeleka kando ya baba yako.

Nafula, nilimshika mkono. Nikamkemea, "We mtoto, mama yako analala kule kwa migomba na babu?"

Akanijibu mimi nyanya yake, "Kukhu, hawa ni wenye tunasikianga sauti yao. Hao wengine hatusikii."

Nikakurudisha upande wetu. Akakutoa tena, eti namharibia kazi. Nikamnyang'anya gundi.

Unajua kwetu mtu hai hawekwi na waliolala. Tangu siku hiyo nasonga obusuma, kisha ugali wote nawatupia kuku. Mbwa akibweka, nadhani kuna mtu analeta habari.

Na wewe kichwa ngumu! Kama ni yale maneno niliyokuambia juu ya yule Wanjala wako, kasirika, lakini kasirika kwa sauti. Kama unaumwa, sema. Kama wamekunyang'anya simu, mwambie Jescah.

Karatasi za wenzake zimetundikwa darasani. Ya Khalayi iko chini ya godoro langu, imebandikwa watu watatu. Wewe nimekukatalia gundi. Uko ndani ya Biblia. Mwalimu atatungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Kaka yako Wangila anakusalimu, na shangazi Quinter pia. Mungu akufunike huko uliko, mimi mkono haufiki.

Jescah ana simu. Ishike, useme neno moja, hata la matusi. Khalayi atakuwa ameshika gundi.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata nikifoka,
Truphosa