Ndege wa mgeni, Berea

Dada Riziki,

Huku ugenini Berea joto limeanza na ndege wamejaa. Bibi mzungu wa mlango wa pili anawaandika wote kwenye daftari lake, jina na idadi. Jumapili akatua yule mweusi na mweupe wa kutikisa mkia. Unakumbuka, Mama akimwona uani anasema mgeni yuko njiani, anaongeza unga. Bibi akaandika: mmoja. Mimi nikapika fufu na sombe ya majani ya muhogo, ya watu wawili, nikaacha mlango wazi. Mpaka jioni hakuingia mtu. Eish, sahani zote mbili nimekula mwenyewe.

Wabusu watoto. Ndege yule akitua kwenu Uvira, mwambie Mama aongeze unga wangu.

Mdogo wako,
Amani