Karatasi ya Mahudhurio Niliyoizungusha Mutuka

Babati mjini,
Nyuma ya stendi ya mabasi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mgongo unasemaje? Na Rehema wangu, bado anakusumbua kwenye uji? Mimi mwanao mzima, nanenepa, na bahati imeniganda kama kupe. Wewe tangaza tu huko Urambo: Mwajuma aliyeacha shule darasa la sita ndiye mwenye kantini ya kituo cha umeme cha Babati. Wapishi watakuwa chini yangu, mimi kazi yangu kuonja na kugomba. Nimepika Mererani kwa wachimba madini, nimepika Dar kwa Wachina, nimepika Arusha kwa Wazungu wasioweza pilipili, lakini mlango wa namna hii haujawahi kunifungukia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unauliza maswali, na mimi nikiulizwa naongeza chumvi. Kwenye karatasi angalau mkono unachoka.

Sasa habari yenyewe. Imekuja kampuni inataka kujenga kituo cha umeme upande wa Mutuka. Umeme wenyewe hautoki kwenye maji. Wanachoma mabaki ya mashambani, mabua ya mahindi, pumba za mpunga, miti ya mbaazi, halafu maji yanachemka na mvuke unazungusha mtambo. Wenyewe wanauita umeme wa tungamotaka. Mimi nasema ni jiko kubwa tu, na kwa majiko hapa Babati nani atanifundisha?

Mkutano wa kwanza wa kuwauliza wananchi nilipika mimi. Pilau, maandazi, na soda juu. Injinia wa kampuni, kijana mpole, shati limenyooka, aliponiona nataniana na kila mtu akaniita pembeni. "Mama Rehema, wewe wanakupenda. Zungusha hii karatasi wasaini." Siku hizi mama huwezi kukaa kwenye kikao chochote bila kusaini. Chanjo ya watoto unasaini, kikao cha shule unasaini. Basi nikapita mstari kwa mstari na kalamu na pedi ya wino. Wasiojua kuandika niliwaandikia majina mimi mwenyewe, wao wakabonyeza dole gumba. Mama Paskali, mjane wa hapo Mutuka anayeniuzia kuni, akaniuliza, "Hii ni ya nini?"

"Mahudhurio, mama. Usipobonyeza soda itakupita."

Akacheka, akabonyeza.

Huyu Mama Paskali hana shamba. Huku kwao, mbaazi zikishavunwa, ile miti inayobaki shambani haina mwenyewe. Mwanamke yeyote anaingia, anakata, anafunga mzigo wake anaondoka, na mwenye shamba anamshukuru kwa kumsafishia. Ndizo kuni zao, za kupikia na za kuuza. Wewe huhitaji kuelezwa. Mabani ya kukaushia tumbaku yalivyokula miti yetu, nakumbuka ulivyokuwa unatoka alfajiri kutafuta kuni za kuchemshia maharage, unarudi jua limeshapanda na kifurushi cha kubeba kwapani.

Hazikupita wiki mbili, Mama Paskali akaja kibandani kwangu. Kamba mkononi, mzigo hakuna.

"Wamenifukuza shambani," akasema. "Mwenye shamba anasema miti ni ya kituo sasa. Eti nimekubali mwenyewe."

"Umekubali wapi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

Nikamwambia huyo mwenye shamba ana wazimu, nikampa chai. Kesho yake nikapeleka chai na chapati ofisi ya kata, kwa injinia na wenzake. Mezani makaratasi yamejaa, nikayasogeza nisije nikayamwagia. Nikaona mwandiko wangu. Yale majina niliyoandika mimi, na madole ya watu pembeni. Ila juu yake walikuwa wamebana ukurasa mwingine umepigwa chapa: orodha ya wananchi walioridhia mabaki yote ya mashambani yachukuliwe na kituo. Nikasoma mara tatu, kidole chini ya mstari kama mtoto. Shule ni ndogo, lakini kuridhia nakujua. Ndicho nilichoulizwa siku ya ndoa yangu, na siku ile pia nilijibu bila kufikiri.

"Mwanangu," nikamwambia injinia, "hii si karatasi ya mahudhurio?"

"Mama Rehema, mtu amekuja, amesikiliza, amekula, amesaini. Hajakubali?"

"Amekubali pilau."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Keshokutwa anakuja mama wa halmashauri kuhakiki. Wewe pika. Karatasi tuachie sisi."

Mama, siku mbili hizo niliunguza wali. Mimi! Nikiwaza kusema, naikumbuka kantini. Nikiwaza kunyamaza, Mama Paskali huyu hapa anapita na magunzi ya kuokota kwenye ndoo, nami nainamia sufuria, naisugua wakati imeshang'aa. Wale watu hawakuiamini kampuni. Waliniamini mimi.

Siku ikafika. Mama wa halmashauri, mtu mzima, miwani shingoni, akakaa mbele na mwenyekiti wa kijiji. Injinia akasimama na yale makaratasi juu, akasema wananchi wote waliohudhuria wameridhia. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Watu wanatazama viatu vyao. Mama wa halmashauri akachukua kalamu.

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikasimama.

"Wewe mpishi, kaa chini!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Mtu wa kuja, hata shamba huna!"

"Shamba sina, mdomo ninao," nikamjibu. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka. "Mheshimiwa, hiyo karatasi niliizungusha mimi."

Akavaa miwani. "Uliwaambia wanasaini nini?"

"Mahudhurio."

"Na juu palikuwa pameandikwa nini?"

"Palikuwa peupe. Huo ukurasa wa kuridhia umebanwa baadaye, nimeuona juzi."

Injinia akasema mama huyu amechanganyikiwa, ni mtu wa jikoni, hakuelewa. Nikaona wameanza kutikisa vichwa kumkubalia. Hapo ndipo Mama Paskali akanyanyuka, polepole, ameshika goti.

"Dole ile ni yangu," akasema. "Nilipewa soda ya machungwa. Ya kuni hakuna mtu ameniuliza. Sasa mimi nauliza. Hiyo umeme itafika kwangu? Nyumba yangu haina waya. Nikinyimwa miti ya mbaazi, mimi nitapika na nini?"

Wakasimama wanawake wengine wawili, kisha sikuhesabu tena, kelele tupu. Mwenyekiti alipiga meza mpaka chupa ya maji ikaanguka.

Mama wa halmashauri akakunja makaratasi, akayatia kwenye mkoba wake mwenyewe. Akasema hayo ni mahudhurio na yatabaki mahudhurio. Wananchi waulizwe upya, wanawake wakae kikao chao peke yao, na kinachosainiwa kisomwe kwanza kwa sauti. Mpaka hapo, asifukuzwe mtu shambani.

Usidhani nilibebwa juu juu. Vijana wanaotaka ajira wananipita kibandani kama hawanioni. Mmoja alinirushia, "Mama Rehema, umetuzimia taa kabla hazijawaka." Na mimi umeme siukatai, mama, nani anaupenda moshi? Mama Paskali kuni ananiletea, ila salamu ananipa nusu. Juzi tulikuwa tunaandika majina ya wanaokwenda msibani, nikamwuliza, "Nikuandike?" Akaficha mikono yote miwili ndani ya khanga. Sina la kumlaumu.

Nisalimie mjomba Saidi fundi baiskeli, na shangazi wa Kaliua mwenye kuugua kila ukifika wakati wa palizi, na mwalimu wa madrasa wa Rehema. Rehema mwenyewe mbusu paji la uso. Mdogo wangu Hadija nimesikia anatafuta mtu wa kumuuzia cherehani yake ili aje tuendeshe kantini. Asiuze, mama. Ikibidi ikalie.

Najua utasema, maskini Mwajuma, amesema kweli wakamnyang'anya tonge. Nilitaka uamini hivyo, ingenipendeza sana. Lakini hawakuninyang'anya kitu. Kantini sikupewa hata siku moja. Nilimwomba injinia nikiwa namwekea chai, akasema "tutaona", na jioni ileile nikawapigia simu nyumbani kuwa nimepata. Niliwadanganya.

Mwanao,
Mwajuma