Maji Yaliyorudi Kisimani

Munje, Msambweni
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Kwa kaka yangu Hashim,

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Shikamoo hii nakupa kwa kuwa ulitangulia kuzaliwa, na marehemu baba hakunilea niandike barua isiyo na shikamoo. Usiitafutie sababu nyingine. Natumai u mzima, wifi yangu Muhsina na watoto ni wazima, na hewa ya Kisauni inaendelea kukupenda. Sisi huku hatujambo isipokuwa Mama. Habari za Mama utazikuta mahali pake, usiruke mistari kuzitafuta.

Naandika kwa sababu simu umenifungia. Nimekupigia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilimpigia wifi, naye maskini akaniambia kwa haya kwamba umesema kelele za Hanifa huzitaki, mwenye neno aandike. Haya, nimeshika kalamu. Springi yake ingali ndani, na hilo la springi ya kalamu tutalifikia.

Ijumaa ya tarehe tatu ulikuja na gari lako, ukaliegesha kivulini mwa msikiti, ukaketi kwenye baraza la madrasa mbele ya wazee, ukasema kisima cha wakfu cha baba kimeingia chumvi kwa sababu yangu. Ukasema Januari nilipokisafisha nilichimba nikapita kiasi, bahari ikapata njia. Ukasema mwanamke ukimpa chepeo hajui pa kukomea, na wazee wakacheka. Kaka, nilitoa matope ya sentimita thelathini. Nilipima kwa kijiti chenye alama, na kijiti hicho kimechomekwa darini jikoni kwa Mama hadi leo. Kisima kina mita kumi na moja tangu baba hajaoa. Matope ya sentimita thelathini hayaiti bahari.

Mzee Chome akaniomba ufunguo wa kifuniko cha kisima, ule ambao baba alinikabidhi mwenyewe wiki mbili kabla hajafa. Nikaufungua kwenye pindo la leso, nikampa, nikaondoka bila neno. Nasikia nyuma yangu uliwaambia wazee, mnaona, amekubali. Jumatatu yake akina mama wa Mwabungo, walionipa kazi ya pampu ya shamba lao la mboga, wakaniletea salamu kwamba wameghairi, watatafuta fundi mwingine, niwawie radhi. Miaka kumi na tisa nimelijenga jina hili. Nilianza kwa kuwafulia mafundi wa hoteli za Diani ovaroli zao, nikichungulia wanavyofunga mabomba. Leo nina kibanda Kona ya Musa, mashine ya kukereza chuma na watu wawili wanaokula kwa kazi yangu. Wewe umelibomoa kwa maneno ya robo saa, kisha ukala pilau kwa Mama ukarudi zako.

Utauliza mbona sikujitetea. Subiri.

Kwanza nikusomeshe ulichokataa kusomeshwa Februari. Ulipojenga zile nyumba nne za kupangisha nyuma ya ukuta wa Mama, ukachimba kisima chako, ukapata maji ya chumvi. Si kosa lako, ardhi ni ya Mungu. Ukataka kuyapoza kwa maji matamu ya kisima cha baba: bomba moja litoke kwenye pampu ya wakfu, lipande, liingie kwenye tangi lako la lita elfu tano, mchanganyiko upatikane. Nilikwambia hilo wazee waulizwe kwanza, ukasema wewe ndiye mtoto mkubwa. Basi nikakwambia, kama lazima, lazima pia pawe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, maana ile pampu uliyokinunulia kisima haina valvu tumboni. Ikizima tu, maji ya tangini yatashuka kwa njia ile ile yaliyopandia, na chumvi yake, hadi kisimani.

Nikakuletea valvu niliyoikereza mwenyewe kwa shaba. Ndani mna kisahani chenye mpira, na nyuma ya kisahani mna springi. Maji yakisukuma, kisahani kinasogea, maji yanapita. Yakilegea tu, hata kabla hayajageuka, springi inakirudisha kisahani mahali pake. Springi yenyewe nilijaribu saba. Ikiwa ngumu mno inaila pampu nguvu, ikiwa laini mno haishiki. Niliyoichagua inafunguka kwa uzito wa maji ya kimo cha nusu mita, na ni ya chuma kisichoshika kutu, maana springi ya kawaida kwa hewa yetu ya Munje haimalizi miezi mitatu. Tena uzuri wake mkubwa ni huu: uilaze, uisimamishe, uielekeze juu au chini, inafunga. Springi haiulizi ardhi iko wapi.

Ukaitikisa sikioni. Ukamwita Kavumbi, yule fundi wako uliyemtoa kwenye ujenzi wa Ukunda, mkacheka pamoja. Ulisema hii ni springi ya kalamu, na kwamba kaka wa mtu hawezi kufungiwa maji kwa kalamu. Kavumbi akaniita fundi wa biro, na jina likanifuata mpaka sokoni. Akafunga yake ya kifuniko, ile yenye kibati kinachobembea kama mlango wa kuku.

Sina ugomvi na valvu ya kifuniko. Ikilala, au maji yakienda juu, hufanya kazi, kwa kuwa uzito wa kile kibati ndio unaoifunga. Lakini wewe hukutaka ukuta utobolewe, ulikuwa umetoka kupakwa rangi. Bomba likapandishwa juu ya ukuta, likateremshwa upande wa pili, na Kavumbi akaifunga valvu pale linapoteremka. Hebu fikiri, kaka. Maji yanashuka, kibati kinaning'inia chini pamoja nayo. Maji yakigeuka, kibati kinaendelea kuning'inia, hakina cha kukiinua. Mlango u wazi mchana na usiku.

Hesabu ni hii. Bomba limeingia tangini ubavuni, juu kidogo, kwa hiyo pampu ikizima zinarudi lita mia sita hadi maji yashuke chini ya tundu. Pampu huwashwa mara mbili kwa siku. Lita elfu moja na mia mbili kila siku, katika kisima chenye maji lita elfu tatu na mia nne. Tangu mwanzo wa Ramadhani hadi siku uliyonisimamisha barazani ni miezi saba. Zidisha mwenyewe.

Na watu wa nyumba ishirini na mbili wanaoteka pale wakanyamaza. Wewe umeishi Mombasa mpaka umesahau: huku maji ya wakfu hayatiwi kasoro. Mtu ametoa kwa ajili ya Mungu, thawabu zinamfuata kaburini, nani atainua kata aseme yana chumvi? Bi Mwanafatuma akaanza kuteka kisima cha shule, akisema ananyoosha miguu. Mke wa mwadhini alilalamika kwamba mbaazi za mwaka huu haziivi, akalaumu mbaazi. Mpaka Septemba alipokuja shekhe mgeni, asiyejua maji ni ya nani, akasukutua kutia udhu, akatema, akauliza ni nani aliyetia chumvi kwenye birika. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba hata yeye alikuwa anahisi.

Sasa Mama. Jumapili iliyopita mdogo wetu Hasina alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, viatu haviingii. Tulimpeleka hospitali, presha mia moja na tisini kwa mia na kumi. Daktari akamkaripia Hasina, akamwambia mgonjwa huyu alikatazwa chumvi miaka minne nyuma, mnamtilia nini? Mdogo wetu akaapa kwa Mungu kwamba chumvi haijaingia chungu cha Mama tangu siku hiyo, akalia mbele ya wagonjwa. Mama ndiye aliyemnyamazisha. Akasema maji ya nyumbani yalibadilika tangu Ramadhani, akadhani ni ulimi wake umezeeka. Na hata alipojua si ulimi, maji ya mume wake angeyasemaje vibaya? Alikuwa akiyanywa kwa makusudi, bilauri sita kwa siku, ili watu wasione mjane wa mwenye kisima ameyakimbia.

Amerudi nyumbani Jumatano. Miguu imeanza kupungua.

Nami sasa nikwambie kwa nini nilinyamaza barazani. Nimeandika kurasa mbili za hasira, na hasira yote ni yako kwa haki, lakini imebaki sehemu isiyokuwa yako.

Nilijua. Siku ya pili ya Ramadhani nilikuja kufuturu kwa Mama. Wakati Hasina akikaanga sambusa nilizunguka nyuma ya ukuta kuitazama kazi ya Kavumbi. Niliiona ile valvu imefungwa kwenye bomba la kuteremka. Nikagonga bomba kwa funguo, nikaisubiri pampu izime, nikaweka sikio, nikasikia maji yanarudi. Mshale wa valvu, unaoonyesha maji yaendako, ulielekea sawasawa, kwa hiyo asiyejua angeona kazi safi. Mimi niliona. Na hesabu ile ya lita mia sita sikuipiga juzi, kaka. Niliipiga siku ile ile, kwenye karatasi iliyofungiwa tende.

Ningeweza kukwambia palepale. Ulikuwa ukumbini, umbali wa hatua ishirini, unapakua uji. Nikajisemea, Hashim anicheke mpaka niitwe fundi wa biro? Mwache. Mwezi mmoja tu, maji yatamwumbua mbele ya Munje nzima, kisha atanipigia magoti niilete springi ya kalamu. Mwezi ukapita, hakuna aliyesema. Nikasema mwezi mwingine. Kila nilipokuja nilikuwa nayaonja kwa ncha ya ulimi, nayatema, napima hukumu yako imefika wapi. Bilauri ya Mama ilikuwa pale pale mezani, wala mkono wangu haukwenda kuiondoa. Wewe hukujua, Hashim. Umekosa kwa kiburi na kutojua. Mimi nilikuwa najua hata idadi ya lita.

Ningejitetea vipi barazani? Kusema valvu imefungwa vibaya ni kuulizwa, uliiona lini?

Juzi Alhamisi nilichukua msumeno wa chuma, nikalikata bomba lako, nikaitoa ya Kavumbi, nikaziba. Rangi ya ukuta imekwaruzika, niwie radhi. Yangu nimeifunga kwenye bomba linalokwenda kwenye mifereji ya msikiti, na tangi lako halitaunganishwa tena na kisima cha wakfu, si kwa springi wala kwa hirizi. Ya kifuniko nimekufungia humu pamoja na barua. Ishike wima, ipindue, utazame kibati kinavyoning'inia.

Jana baada ya sala nilisimama barazani nikasema yote niliyokwandikia, lako na langu. Wazee hawakucheka. Mzee Chome akaninyooshea ufunguo; nikamwomba akae nao mpaka wewe uwepo.

Mama nilikuwa nimemwambia Alhamisi ile ile. Aliivuta tasbihi yake mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, nani alitangulia kujua. Nikasema mimi. Akasema, basi wewe Hanifa ndiye utakayeanza. Mpaka maji ya mumewe yarudi kuwa matamu, atakunywa ya kisima cha shule, na tutayaleta mimi na wewe kwa mikono yetu, kwa zamu ya wiki moja moja. Si kwa pikipiki, si kwa gari, si kwa kumlipa mtu. Mtungi wa lita ishirini, kilomita moja na robo, na njia inapita mbele ya msikiti na mbele ya lango la nyumba zako. Nimekuwa nikipiga hesabu ya kukikamua kisima mara mbili kwa siku: ni wiki tisa mvua ikichelewa, sita ikiwahi.

Hasina anakusalimu sana. Bi Mwanafatuma anakusalimu, na anauliza kama bega lako lingali zima. Nisalimie wifi yangu Muhsina, umwambie ahsante kwa kupokea simu, na watoto wote wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema anakupenda, na kwamba hanywi maji ya chupa, usijisumbue kununua.

Wiki yangu inaisha Alhamisi jioni. Mtungi utaukuta mlangoni kwa Mama Ijumaa asubuhi. Kifuniko chake kinavuja kidogo, ubebe kwa uangalifu.

Wabillahi tawfiq,
mdogo wako,
Hanifa