Papa au Taa

Jumatatu, 7 Julai. Arua
Makala ya papa mweupe tena. Ya tatu mwezi huu. Utafiti wa papa na ndugu yake taa, yule samaki bapa, unazidi kuongezeka, lakini macho hayabanduki kwenye meno yale yale, katika maji ya nchi zenye meli za utafiti. Taa hana meno ya kutisha, basi na afe kimya. Nyama yao inakwenda wapi? Nani anauliza! Mimi nimeandika aya nzima katika makala yangu: inafika hata kwetu, soko la Koboko, bara kabisa. Mhariri amenijibu kwa mstari mmoja. Bila sampuli, hayo ni maneno ya sokoni.

Vema. Nitakwenda sokoni.

Jumatano, 9 Julai. Koboko
Magunia ya samaki wa chumvi, kwa Mama Zainabu. Wote wamekatwa vichwa na mapezi. Chini kabisa, kipande kimoja: ngozi ya msasa, hakina mfupa, gegedu tupu.

"Hii inaitwa nani, mama?"

"Samaki ya chumvi, mwalimu. Iko ya bahari, Wakongo wanapenda sana. Unataka kula ao unataka kuoa?"

Wauzaji wote wakacheka. Nikanunua. Papa au taa, kwa macho siwezi kujua. Maabara ya Kampala itajua. Basi la Jumamosi.

Alhamisi, 10 Julai. Arua
Nimekifunga kwa gazeti, nimekitundika kwenye msumari jikoni, paka asikifikie. Mke wangu, Hawa, sikumweleza. Ana kazi zake. Habari za utafiti zingemchosha.

Ijumaa, 11 Julai
Nimetoka msikitini, harufu ikanipokea mlangoni. Wajomba wa Hawa wamekuja kutoka Koboko bila taarifa. Mgeni halishwi majani matupu nyumbani kwetu. Hawa alikiloweka kipande changu, akakipika kwa karanga za kusaga. Wakaniachia pande la mwisho, kwa heshima.

"Kula, mwalimu!" mjomba mkubwa akalamba vidole. "Samaki gani hii haina mfupa? Hawa anatupenda!"

Mwenye nyumba hakatai kula na wageni. Nikala. Kitamu. Nimejichukia.

Ngozi ilikwisha tupwa motoni.

Wageni walipoondoka nilimfokea Hawa. Akaningoja nimalize. "Wewe unafundisha dunia yote. Mimi je?"

Miaka mingi nimewatukana wanasayansi kwa kosa hilihili.

Jumamosi, 12 Julai. Koboko
Badala ya Kampala. Mama Zainabu amepekua magunia yote.

"Imeisha, mwalimu. Zamani ilikuja kubwa kubwa. Kisha ndogo. Sasa hakuna."

Alisema kama anayetaja mvua ya jana. Rafu nzima ya vitabu vyangu, kwa pumzi moja. Na hayo nayo ni maneno ya sokoni.

Jumapili, 13 Julai. Arua
Nimefuta aya ya Koboko. Makala imekwenda kwa mhariri. Papa mweupe yumo.

Alasiri Hawa akauliza tulikula nini. Nikachora papa, nikachora taa, nyuma ya karatasi ya mtihani. Akagusa mmoja kwa kidole, kisha mwingine.

"Ilikuwa gani?"

Sijui.

Karatasi ameitundika jikoni, kwenye msumari ule.